Jina la Mtoto Gwarideni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kituo cha Kawangware 46, Nairobi, huwa kimejaa pomoni. Makanga wanagonga mabodi ya matatu wakiitia abiria wa tao kupitia Yaya na Hurlingham, bodaboda wanapenya panapopenyeka, na mwenye mandazi amekwisha kumaliza beseni la kwanza. Katikati ya vurumai hiyo wanapita watoto wa sare za kila rangi, maana shule hapa ni nyingi na kila moja ina rangi yake. Mkubwa amemshika mdogo mkono. Mama zao wengi wamekwisha kuondoka, wameshika Barabara ya Gitanga kwa miguu kuelekea Lavington, kila mmoja na mfuko wenye leso ya kujifunga na ndara za kuingilia majini. Hao ndio mama fua. Akipata nguo kabla ya saa sita, jioni kuna ugali. Asipopata, ataketi kando ya barabara na wenzake mpaka jua ligeuke, kisha arudi alivyokwenda.

Watoto nao wakifika shuleni, jambo la kwanza ni gwaride. Wimbo wa taifa, sala, mwalimu wa zamu awakemee wachelewaji, halafu mwalimu mkuu anatoa karatasi. "Nitakaowataja wabaki hapa mbele. Wengine, madarasani." Aliyesomea mitaa yetu hahitaji kuelezwa karatasi hiyo ni ya nini. Ni orodha ya wenye deni la karo.

Nimeona niandike juu ya orodha hiyo kwa sababu siku hizi mkutano wa elimu hauishi bila kutajwa afya ya akili ya wanafunzi. Mabango yanabandikwa, maafisa wanahutubu, walimu wanaitwa semina na kurudi na vyeti na fulana. Bado sijasikia semina iliyouliza orodha ile husomwaje, na nani anasikiliza ikisomwa.

Jina langu mimi lilisomwa mara nne katika muhula mmoja, nikiwa darasa la sita. Shule sitaitaja, na mwalimu mkuu wake, nisimpunje, alikuwa mtu mwema aliyetuletea maembe ya kwao. Niliyofunzwa mwaka ule yamenitoka kichwani karibu yote. Ninachokumbuka ni kiatu changu cha kushoto kilichofungwa kwa uzi wa gunia, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nakitazama nikitajwa. Wenzangu hawakukawia kunibatiza. Tangu muhula huo mpaka namaliza shule niliitwa Balansi. Halikuwa jina la uadui, hata kidogo. Rafiki zangu wa karibu waliniita hivyo, na nikifunga bao ndilo walilolipigia kelele.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, iwe kimwili au kiakili, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Watu wakiisikia sheria hii hukifikiria kiboko. Nacho kilikwisha kupigwa marufuku tangu 2001, ingawa bado kimeegemea nyuma ya mlango wa ofisi nyingi za walimu kama fagio. Lile neno la pili, kiakili, ni kama halikuandikwa. Mimi si wakili, lakini sijui utamsimamisha vipi mtoto wa miaka tisa mbele ya watu mia tatu kwa deni ambalo hakukopa yeye, kisha useme hukumdhalilisha.

Walimu wakuu watanikasirikia, na wana haki ya kusikilizwa. Shule nyingi za Kawangware na Kibera si za serikali. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, palikuwa na waliodhani shule hizi za mabati zitakufa zenyewe. Mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake walipozunguka Kibera muda mfupi baadaye walihesabu shule 76 za watu binafsi zenye wanafunzi 12,132. Shule za umma za pembezoni mwa mtaa, kama Olympic, zilikuwa zimefurika, na mzazi aliyetaka mwanawe ajulikane na mwalimu wake alimrudisha kwenye mabati akalipa. Serikali imeziita shule hizi za mfumo mbadala na kuzitungia mwongozo, lakini mshahara wa mwalimu wake hautoki Tume ya Huduma za Walimu. Unatoka kwenye ule mfuko wa mama fua. Karo isipoingia Ijumaa, mwalimu wa darasa la tatu hana nauli Jumatatu. Mwalimu mkuu basi haisomi orodha kwa roho mbaya. Aibu ndiye dalali wake, na dalali huyu hadai ada: jina likisomwa asubuhi, baadhi ya pesa huingia kabla ya jioni.

Ada inalipwa, ila halipi mwalimu mkuu. Mtoto aliyetumwa nyumbani amegeuzwa barua ya madai. Anafika, mlango una kufuli, mama yuko Lavington. Anakaa kizingitini mpaka jioni, au anajiunga na wanaookota vyuma vya kuuza. Kesho yake, akijua pesa hazikupatikana, anaondoka nyumbani na begi mgongoni kama kawaida, haendi shule, anazunguka kituoni hadi wenzake watoke, kisha anarudi nao. Siku ya tatu shule inamwandika mtoro. Na mtoro dawa yake, kwa utaratibu wa kisasa, ni kupelekwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha akaulizwe ana shida gani.

Huyo mwalimu wa ushauri naye ni nani? Katika shule nyingi ni mwalimu wa Sayansi au wa Kiswahili mwenye vipindi vyake kamili, aliyeambiwa siku moja kwenye kikao, "Wewe una upole, shughulikia na ushauri." Jumatatu yuko zamu na amemwadhibu mtoto kwa kuchelewa, Jumanne anatarajiwa mtoto huyohuyo aingie amfungulie moyo. Watoto si wajinga. Yale wanayomwambia ni yale wanayojua yatapokelewa vizuri.

Wataalamu hasa hawapo wa kutosha, na hawatakuwapo karibuni. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, ni kama mia moja hivi. Jopo la Daktari Frank Njenga lililochunguza afya ya akili lilitoa ripoti mwaka 2020, likataka maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, likapendekeza pia iundwe Tume ya Afya ya Akili na Furaha. Tume ya furaha! Mzaha ulikuwa mwepesi kupatikana, na sisi ni watu wa mizaha. Mimi ningeiomba tume hiyo, ikizaliwa, ianze kazi gwarideni saa moja unusu asubuhi.

Sisi tukiwa wadogo dawa ya moyo hapa mtaani ilikuwa neno moja: jikaze. Vijana wameliongezea utani, jikaze kisabuni. Nadhani ni kile kipande kilichobaki kidogo kama ukucha na bado kinatarajiwa kifue nguo. Silidharau neno hilo. Limevusha watu wengi ambao hawakuwa na kingine cha kushika. Lakini hebu mhesabie mtoto wa huku amejikaza mara ngapi. Aliyekuwa na miaka mitano Oktoba 2017 aliona nyumba na maduka yakichomwa Kawangware baada ya kura ya marudio, majirani wakigeukiana kwa makabila. Alipokuwa na miaka saba, Jumatatu ya Septemba 23, 2019, jengo la orofa la shule ya Precious Talent hapo Ng'ando liliporomoka asubuhi wanafunzi wakiwa ndani, wakafa wanane. Machi mwaka uliofuata shule zikafungwa kwa korona, na watoto wengi hawakuingia darasani tena hadi Januari 2021. Akatimiza miaka kumi na mmoja hivi, ikaja Julai 2023: siku ya maandamano, moshi wa vitoa machozi ukaingia Shule ya Msingi ya Kihumbuini, hapo jirani Kangemi, na wanafunzi zaidi ya 50 wakakimbizwa hospitalini. Na kama ana kaka aliyesoma Lang'ata Road, amewahi kusimuliwa jinsi polisi walivyowarushia wanafunzi wa shule hiyo vitoa machozi Januari 2015, kwa kuwa walikwenda kudai uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta.

Penye mkasa mkubwa kama huo washauri huja. Mahema yanapigwa, watoto wanapewa karatasi na kalamu za rangi wachore, kamera zinachukua picha. Baada ya siku chache mahema yanakunjwa. Siwalaumu wanaokuja, wana mikasa mingine ya kukimbilia. Ila kinachobaki baada yao ni mwalimu yuleyule na gwaride lilelile.

Kati ya Kibera na Kawangware, mtaani Woodley, ipo shule ya Moi Girls. Usiku wa kuamkia Septemba 2, 2017, bweni lake liliungua, na wasichana 10 wakafa. Mahakama hatimaye ilimpata mwanafunzi mwenzao na hatia ya kuua bila kukusudia, na kesini ilielezwa kwamba alikuwa akitaka kuihama shule hiyo. Simtetei; wasichana wale hawatarudi, na wazazi wao wapo, wanasoma magazeti kama haya. Ninachojiuliza ni kwamba katika shule yenye walimu, matroni, viranja na kasisi wa kuja Jumapili, msichana anayetaka kuondoka kiasi hicho angemwambia nani, na kwa saa ipi ya ratiba. Tangu moto wa shule ya Kyanguli, Machi 2001, ambako wavulana 67 waliteketea, kila moto umeletewa jopo lake, na majopo hayo yameandika kurasa nyingi juu ya nidhamu, vyuma vya madirisha na upana wa milango. Milango ipanuliwe, naam.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa moyo, na limeanzia hapahapa. Kijana Mkenya, Tom Osborn, na wenzake walianzisha mpango wakauita Shamiri. (Neno zuri, ambalo sisi waandishi wa magazeti tumelitumikisha vibaya: kwetu hushamiri ufisadi, uhalifu na pombe haramu tu.) Walikwenda shule ya sekondari Kibera, wakachukua wanafunzi 51 waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi, na baadhi yao wakawaweka katika vikundi vidogo vilivyoongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni tu. Si daktari, si mhubiri, wala mtu mwenye fimbo. Walikutana saa moja kwa wiki, wiki nne. Walizungumza juu ya mtu anavyoweza kubadilika na kukua, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini kwa dhati maishani mwake. Maneno kama ugonjwa wa akili hayakutajwa, maana mtaani ukishaitwa mgonjwa wa akili una safari ndefu ya kulivua jina hilo. Dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliokuwa wakifundishwa mbinu za kusoma tu, na alama za mitihani zikapanda. Jaribio likarudiwa kwa wanafunzi 413 katika shule za Nairobi na Kiambu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry: nafuu ilikuwa bado inaonekana miezi saba baadaye.

Katika utafiti huo kuna jambo lililonigusa kuliko yote, na halizungumzwi sana. Hata wale wa mbinu za kusoma walipata nafuu, ingawa ndogo zaidi. Nao pia walikuwa wamepewa kijana mmoja, saa moja kila wiki, aliyeketi nao wachache na kuwasikiliza. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu. Watafiti wana lugha yao ya tahadhari, na huzuni nyingine huisha yenyewe. Lakini mtu aliyekulia darasa la watu themanini anaelewa saa hiyo ni mali ya namna gani.

Kule Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya wakae kwenye mabenchi karibu na zahanati za Harare na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, na hilo nalo likapimwa likaonekana linafaa. Wao walichukua nyanya, sisi tukachukua kidato cha nne aliyemaliza juzi anayesubiri kazi. Vijana wa namna hiyo Kawangware hawatafutwi. Wamekaa pale kituoni.

Lakini naogopa jambo moja, nalo ni serikali kuipenda habari hii kupita kiasi. Kitu cha bei nafuu kina hatari yake: waziri anaweza kusema, kumbe kijana na saa nne zinatosha, washauri wa kuajiri ni wa nini? Havitoshi. Mtoto anayebakwa nyumbani, mtoto anayewaza kujiua, hao wanamhitaji mtaalamu, na kijana wa kikundi anatakiwa awe na namba ya kumpigia mtaalamu huyo na uhakika kwamba itapokewa. Tena saa moja ya kujengwa Jumatano haiwezi kushindana na magwaride matano ya kubomolewa. Ukimfundisha mtoto Jumatano kwamba ana thamani, halafu Alhamisi ukamsomea deni mbele ya shule nzima, ataamini siku ipi?

Kwamba deni linaweza kudaiwa bila kumwanika mtoto tumekwisha kuona kwa macho yetu hapa Nairobi. Mwaka 2023 kaunti ilianzisha Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education lililoasisiwa na Wawira Njiru. Mzazi analipa shilingi 5 kwa mlo kupitia simu, mtoto anavaa bangili yenye chipu, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa sahani. Watu wanausifu mpango huo kwa wali na maharagwe, na kweli tumbo tupu halijui ushauri. Mimi nausifia bangili. Mambo ya pesa yamebaki baina ya simu ya mzazi na kompyuta, na aliye nyuma yako kwenye foleni haoni ila mkono wako. Mpango ulilenga shule za umma. Mtoto wa shule ya mabati, anayemwona mwenzake wa upande wa pili wa barabara na bangili yake, mchana anarudi kwenye chips za shilingi ishirini akizipata.

Basi shule zetu ziige bangili, hata bila chipu. Deni liandikwe kwenye ujumbe wa simu ya mzazi, jioni, mtoto asihusishwe. Mama fua hulipwa kwa siku, hivyo hawezi kulipa kwa muhula: mruhusu atume shilingi hamsini kila apatapo, na mhasibu, ambaye kwa kawaida ni mke wa mwenye shule, aandike. Serikali humtengea mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma shilingi 1,420 kwa mwaka. Ni kidogo, tena hazifiki kwa wakati, lakini watoto wengi wa mabati hawazioni kabisa, kama kwamba mama zao hawalipi ushuru kwenye kila kipande cha sabuni wanachonunua. Pesa hizo zimfuate mtoto popote anaposoma, na mwalimu mkuu atakuwa na sababu moja pungufu ya kushika karatasi ile.

Walimu wenyewe, je? Niliwahi kukaa na mmoja kibandani, chai na chapati mbili, akanihesabia mambo yanayomkosesha usingizi: kodi ya nyumba, mishahara miwili iliyochelewa, mtoto wake mwenyewe aliyefukuzwa karo katika shule nyingine. Katika shule nyingine! Asubuhi yeye husimama nyuma ya mwalimu mkuu majina yakisomwa, na kwa saa hiyohiyo, kilomita mbili kutoka hapo, jina la mwanawe linasomwa na mtu mwingine. Alilisema hilo akicheka, chapati mkononi, na sikuwa na la kumjibu.

Mwaka jana nilikuwa nashuka matatu pale 46, mvua imenyesha, nachagua pa kuweka mguu. Mimi sasa ni mtu mzima, nina mvi mbili tatu na kitambulisho chenye majina matatu kamili. Nyuma yangu, kutoka mlangoni mwa gari lililokuwa likiondoka, sauti ya mwanamume ikaita, "Balansi!" Sikupata hata kumwona ni nani, matatu ilikuwa imekwisha kushika barabara. Nilikuwa nimegeuka tayari, na mkono nimeuinua.